Picha Zilizorudi Nyumbani
Safari ya barabara na reli katika Bonde la Kilombero

(Maneno yaliyosemwa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya maadhimisho)



Kamati iliniomba nieleze safari tuliyoifanya mwezi Juni mwaka jana kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa gari, kisha ng'ambo ya mto hadi Mahenge, na hatimaye kwa reli hadi Mlimba. Niliombwa pia nilete picha. Zimetundikwa ukutani kule karibu na mlango, mnapovulia viatu. Lakini kueleza picha hizo bila kueleza kilichotutoa nyumbani kungekuwa sawa na kumkabidhi mtu mchele bila sufuria, kwa hiyo nawaombeni mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Wengi wenu mnamkumbuka mzee aliyekuwa na studio ya picha mjini Ifakara, ambaye sisi watoto wa jirani tulimwita Kaka. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba jina hilo lilikuwa na njia mbili. Kwa Kigujarati kaka ni ndugu wa baba, yaani baba mdogo, na ndivyo watoto wa hekalu walivyomwita. Sisi tulidhani wanamwita kama sisi tunavyomwita ndugu wa kiume aliyetutangulia kuzaliwa. Basi akawa baba mdogo kwa nusu ya mtaa na kaka kwa nusu nyingine, naye aliitika kote bila kumsahihisha mtu.

Kaka alipiga picha za watu. Hakupiga milima wala wanyama. Alisema milima haina haraka, itangoja. Alipiga maharusi, watoto waliotimiza siku arobaini, wanafunzi waliohitaji picha za vyeti, na wafanyakazi wa reli ya TAZARA ambao kati ya mwaka 1970 na 1975 walikuwa wakipokea mshahara na kutaka kuwaonyesha wazazi wao huko kwao kwamba ni wazima na wana viatu. Alipenda kutusimulia habari za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930 na kuwapiga picha masultani na wachuuzi kwa kamera ileile. Alimtaja pia Priya Ramrakha wa Nairobi, aliyeuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Alikuwa akisema, "Yule alikwenda kuwatafuta watu vitani. Mimi watu wananifuata wakiwa wamechana nywele. Nani mwenye bahati?"

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu, na binti yake ameketi hapa. Yeye nilimwambia tukiwa njiani, akaniruhusu kulisema.

Katika mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998, Lumemo ulipanda usiku. Wakazi wa hapa mnaujua mto huu: unatoka milima ya Udzungwa, mwepesi na baridi, na kiangazi mtoto anauvuka akiwa ameshika kandambili mkononi. Masika hauombi ruhusa. Kaka alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu, na funguo za nyumba yake nilikuwa nazo mimi. Aliniachia agizo moja: maji yakija, panda darini na masanduku matatu ya bati yenye negativu. Maji yalipokuja nilianza na redio. Kisha nikachukua cherehani ya mke wake, kisha kamera mbili, kwa sababu nilidhani kamera ndiyo mali na zile filamu ni takataka za mali. Nilipandisha sanduku moja. Niliporudi kwa la pili maji yalikuwa kiunoni, na yale mawili yalikwisha kufunguka.

Kaka aliporudi hakunigombeza. Alitandaza kilichobaki juani, akatazama zile filamu zilizogandana, akaniuliza kama mama yangu yuko salama. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kabla ya kufariki alimwagiza binti yake kwamba sanduku lililosalia lisiuzwe wala lisipelekwe makumbusho mpaka wenye sura zao wapewe picha zao kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya safari.

Binti yake, ambaye mimi humwita Ben, alihamia Dar es Salaam na sanduku. Mwaka juzi alinipigia simu. Tulichagua negativu zilizokuwa safi na zilizoandikwa jina au kijiji pembeni kwa mwandiko wa Kaka, tukazichapisha, tukapata bahasha 43. Dereva wetu alikuwa mjukuu wa Kaka, kijana aliyezaliwa baada ya studio kufungwa na ambaye, niseme ukweli, mwanzoni alitaka zaidi kupiga picha za tembo.

Tembo tuliwapata. Barabara Kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1964, na mtu aliyepanda basi la kwenda Iringa anawaona tembo, pundamilia na twiga bila kununua tiketi ya utalii. Kijana alipiga picha zake, akaridhika. Pale mji wa Mikumi tuliiacha lami ya Iringa tukaelekea kusini, na kuanzia hapo nchi inaanza kujipinga yenyewe.

Tazameni picha ya tatu ukutani. Ni Kidatu. Bwawa na mitambo ya Kidatu juu ya Mto Ruaha Mkuu huzalisha hadi megawati 204, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya umeme wa nchi nzima. Nguzo zile za chuma zinavuka bonde zikipeleka mwanga mbali. Sasa tazameni picha ya Kaka iliyo chini yake, yenye mwanafunzi anayesoma kwa kibatari. Ilipigwa katika kijiji kilichokuwa chini ya nyaya hizohizo. Yule mwanafunzi leo ni bibi mwenye wajukuu na nyumba yake ina umeme. Tulimpa bahasha yake akacheka sana, akasema kibatari hakikuwa cha kusomea. Kilikuwa cha mama yake, Kaka ndiye aliyemwambia akiweke karibu na daftari ili uso uonekane. Nimeitundika hata hivyo, pamoja na maelezo yake.

Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni takriban kilomita 67, zote sasa za lami. Wenzangu wa umri wangu wanaijua barabara ya zamani: kiangazi vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya chakula kilichofungwa, masika matope ya kulaza malori siku mbili. Sina hamu ya kuirudia. Lakini nikiri kwamba lami ilitupa taabu katika kazi yetu. Zamani gari likipasua tairi unakaa kijijini saa tatu, unapewa maji, na ukiondoka umejua ukoo mzima. Juni tulipita vijiji viwili kwa mwendo wa gari la wagonjwa kabla ya Ben kumwamuru kijana ageuze.

Upande wa kulia wa barabara hiyo kuna msitu unaoshuka kutoka mawinguni, upande wa kushoto kuna miwa na mpunga hadi macho yanapochoka. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yapo Mang'ula. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170. Katika msitu huo mna nyani mdogo wa mkia mrefu, mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, ingawa wakazi wa Sanje walikuwa wakimsikia kila asubuhi. Msitu ule ndio unaotunza maji yetu, na hilo watu wa Sanje na Mang'ula hawahitaji kufundishwa. Mama mmoja tuliyemkuta alinieleza kwa utulivu kwamba anatazama kuni kutoka dirishani na kupikia mkaa wa kununua, kwa sababu kuokota kuni ndani ya hifadhi sasa ni marufuku. Nilipiga picha ya dirisha lake. Yeye hakutaka kuonekana.

Mang'ula ndiko tulikopata bahasha iliyotushinda nguvu. Kaka alikuwa ameandika tu "mtoto wa fundi, Mang'ula". Tulimpata fundi, mzee sana sasa, na mkewe. Picha ilikuwa ya msichana wa miaka minne hivi aliyevaa gauni la kuazimwa, refu kuliko yeye. Mama aliipokea, akaitazama, akaingia nayo ndani. Hakutoka. Fundi alitueleza kwamba mtoto yule alifariki kwa homa mwaka huohuo, na kwamba picha haikuwahi kuchukuliwa studio kwa sababu hela ya kuilipia ilitumika kwenye mazishi. Tulikaa barazani karibu saa nzima. Hatimaye mama akatoka, akamwuliza Ben kama baba yake alidai pesa yoyote. Ben akasema hapana, hakudai. Mama akaingia tena, akarudi na mayai sita yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, akasema deni ni deni. Picha hiyo haipo ukutani, na mkiiulizia haitakuwapo.

Msinielewe kwamba kila mlango ulifunguka. Watu watatu walizikataa bahasha zao. Mmoja aliolewa mara ya pili, na mume wa kwanza alikuwa kwenye picha. Mwingine alisema tu kwamba yule aliyeko kwenye picha si yeye tena. Nilitaka kumshawishi, Ben alinishika mkono. Tulimwachia achome mwenyewe.

Hapa kwetu Ifakara nitapita haraka maana mnapajua. Niseme tu kwamba tulitoa bahasha kumi na mbili katika siku mbili, na kwamba mojawapo ilikuwa ya msaidizi wa zamani wa maabara ile iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika picha amesimama kwa fahari kando ya kizimba cha mbu. Alisema wageni walishangaa kwamba alivaa tai siku hiyo. "Nilivaa kwa ajili ya Kaka," alisema, "si kwa ajili ya mbu." Tukiwa na kumbukumbu za homa ya Mang'ula, sote watatu tulinyamaza alipotueleza jinsi miaka ya 1990 walivyopita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Kilombero na Ulanga kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa.

Nafika mtoni. Kaka alipiga picha nyingi za kivuko cha Mto Kilombero: baiskeli, magunia ya mpunga, mbuzi, mtawa mwenye mwavuli, wote juu ya chuma kimoja kinachoyumba. Wako humu ukumbini waliopoteza ndugu katika mto ule. Sina haja ya kueleza zaidi. Daraja la sasa, Daraja la Magufuli, lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa Mei 2018. Gari linalivuka kabla abiria hajamaliza sentensi. Kivukoni tulimtafuta mwanamke aliyeko katika picha ya saba, mwenye karai la samaki wa kukaanga kichwani. Tulimpata. Biashara yake ilikufa siku kivuko kiliposimama, kwa kuwa hakuna tena msafiri anayesubiri hata akahisi njaa. Nilimwuliza kama analisikitikia. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mpumbavu. "Bora ife biashara kuliko wateja," akasema, kisha akatuuzia samaki.

Ng'ambo ya mto nchi inalala chini. Uwanda wa Bonde la Kilombero uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Humo ndimo mlimokuwa na sheshe wengi kuliko karibu mahali popote duniani, na ndimo anamoishi kwera wa Kilombero, ndege ambaye wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1990 tu. Juni maji yanakuwa yamerudi mtoni, mpunga umekuwa wa dhahabu, na familia zimehamia mashambani katika madungu, vibanda vile vya miti vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Kwa mpiga picha ni kama kualikwa karamuni. Nilitumia kadi nzima ya kamera asubuhi moja. Nikateleza kwenye jaruba, kamera ikaingia maji. Wenyeji wote bila kukosa walinishauri niizike kwenye mchele. Nimewahi kusoma kwamba mchele hausaidii kitu, lakini ni vigumu kumweleza hivyo mtu wa Ifakara aliyekwisha kukuletea debe zima. Niliizika. Haikupona, na debe lile tulilila hadi Mahenge.

Katika uwanda huohuo tulikutana na kijana mfugaji. Kaka hakuwahi kuwapiga picha watu wake. Wengi wa wafugaji waliingia bondeni baadaye, na idadi iliongezeka baada ya kuondolewa kwa mifugo Usangu na Ihefu kuanzia mwaka 2006. Mwaka 2012 ilifika zamu ya Kilombero, na mifugo ikaondolewa kwa operesheni. Mimi ni mkulima wa mpunga. Nimeona ng'ombe wakimaliza ekari mbili usiku mmoja, na najua sheshe wamepungua sana na kwamba mto uliokanyagwa kingo zake hautabaki mto. Sikuwa na moyo mwepesi kwa kijana yule. Lakini alipoona bahasha mkononi mwa Ben aliuliza kama ndani kuna picha ya baba yake. Tukasema hakuna. Akasema baba yake hakuwahi kupigwa picha hata moja, alifariki njiani wakihama, na je, tungeweza kumpiga yeye, amesimama pale lilipokuwa zizi? Palikuwa na nyasi tu. Akasimama, akanyoosha mgongo, akashika fimbo kama walivyosimama watu wote katika studio ya Kaka, ingawa hakuwa ameona studio maishani mwake.

Ndiyo picha ya mwisho ukutani, kubwa kuliko zote. Najua kuna majirani ambao haitawapendeza. Tumezungumza kwenye Kamati, na nashukuru kwamba wazee waliiruhusu ikae.

Mahenge tulifika jioni, baada ya kupanda kutoka joto la uwanda hadi baridi ya kuvaa sweta. Boma lile lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905 ni hadithi ya siku nyingine, na kuna Wapogoro humu wanaoijua kuliko mimi. Bahasha nne, zote zilipokelewa.

Tulirudi Ifakara, gari likabaki, tukapanda treni ya TAZARA hadi Mlimba kwa ajili ya bahasha moja tu. Ilikuwa ya mfanyakazi wa reli, kijana mwenye kofia ya jua na koleo. Alikuwa mmoja wa waliofanya kazi katika kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, ambacho ni kigumu kuliko vyote katika kilomita 1,860 za reli hiyo, kwa madaraja yake marefu na mahandaki yaliyopasuliwa mlimani. Treni ilichelewa saa tano. Mzee alikuwa ametungoja stesheni tangu alfajiri kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Aliifungua bahasha, akaangalia, akasema: "Hii nililipia. Shilingi tano. Nilirudi kuichukua nikakuta mafuriko yamepita, Kaka akaniambia imepotea." Akacheka. "Kumbe haikupotea."

Sikuweza kucheka naye. Nilimwambia palepale ni nani aliyeanza na redio. Alifikiri kidogo, akauliza: "Redio ilipona?" Nikasema ilipona. Akasema basi, na akataka tumpige nyingine, safari hii ameketi.

Bahasha zilizotolewa ni 29. Zilizokataliwa ni tatu. Zilizobaki ni 11, na zipo juu ya meza ile yenye kitambaa cha manjano, kando ya taa. Kaka aliandika vijiji lakini hakuandika majina, au wino umekwisha. Mkimaliza kula prasadi, tafadhali piteni mezani mmoja mmoja, mikono ikiwa imekauka. Akiwapo mnayemjua, au mkijiona wenyewe, mwambieni Ben. Yupo hadi kesho mchana.